Mgeni wa Brashi Ana Faida Kuliko Mgeni wa Basi

Baridi inapokwisha na mizabibu kuanza kuchipua, miji midogo iliyojengwa juu ya vilima vya Toscana na Umbria, katikati ya Italia, hupokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza hushushwa na basi nje ya lango la mji. Hupanda na kiongozi wao mpaka uwanja mkuu, hupiga picha kwa simu, hununua aiskrimu, na kabla jua halijazama wamekwisha kuondoka. Wa pili ni wachache. Hukaa kwenye vigoda vya kukunja pembeni mwa ngazi za kanisa, kopo la maji miguuni na ubao wenye karatasi magotini, wakiutazama ukuta mmoja kwa saa mbili nzima. Hao ni wanafunzi wa warsha ya rangi za maji, waliokuja kukaa juma zima mahali pamoja ili wajifunze kupachora.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo husemwa kwa utani, lakini imebeba kanuni ya utalii ambayo wapangaji wengi wa miji wameisahau: mgeni asiye na kazi hugeuka mzigo haraka, na mgeni aliyeshika kazi huanza kuwa mtu wa nyumbani. Warsha ya rangi za maji huonekana kama starehe ya wenye nafasi, na kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo, ni miongoni mwa aina chache za utalii ambamo mgeni na mwenyeji wote hutoka na kitu mkononi. Mgeni hupata jicho lililofunzwa kutazama. Mwenyeji hupata mteja anayelala, anayekula na anayerudi. Mji wa kilimani wenye busara ungemtandikia mkeka huyu kwanza, ndipo umfikirie wa basi.

Mji uliopanda mlima kwa hofu

Cortona, katika mkoa wa Arezzo, ni mfano unaofaa. Mji huu umekaa ubavuni mwa mlima, ukilitazama bonde la Val di Chiana na, kwa mbali, ziwa Trasimeno. Misingi ya kuta zake iliwekwa na Waetruski, watu waliotawala sehemu hizo kabla Roma haijawa dola, na mawe yao makubwa bado yanaonekana chini ya yale yaliyoongezwa baadaye. Waliojenga juu hawakufuata mandhari. Juu kulikuwa na usalama dhidi ya maadui. Chini kulikuwa na kinamasi na homa za malaria. Leonardo da Vinci alichora ramani ya bonde hilo mwanzoni mwa miaka ya 1500, na ndani yake maji ya kinamasi yametanda kwa urefu wa bonde. Kazi ya kulikausha ilimeza vizazi, na hatua kubwa zilipigwa katika karne za 18 na 19.

Hofu hiyo ya kale ndiyo iliyompa mchoraji wa leo somo lake. Nyumba za Cortona zimepandana ngazi kwa ngazi, paa la moja likiwa usawa wa dirisha la nyingine. Barabara kuu, Via Nazionale, ndiyo karibu pekee iliyo tambarare. Nyingine zote ama hupanda ama hushuka, nyingi kwa vipandio vya mawe. Katika uwanja wa Piazza della Repubblica limesimama jengo la halmashauri lenye ngazi pana na mnara wa saa, na kivuli cha mnara huo huzunguka uwanjani kutwa nzima. Mawe ni ya kijivu, vigae ni vya udongo wa kuchoma, na nyuma ya kila kichochoro bonde hufunguka ghafla. Ukihamia Assisi, mawe ni meupe yenye wekundu wa mbali. Ukihamia Orvieto, ni ya hudhurungi, yaliyochimbwa katika mwamba wa volkano uliobeba mji wenyewe. Kila mji umevaa rangi ya ardhi yake.

Cortona pia ina walimu wasiolipwa ada. Luca Signorelli, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Italia, alizaliwa hapo katikati ya karne ya 15, na kazi zake kadhaa hazijauacha mji. Katika makumbusho ya dayosisi kuna picha ya Fra Angelico ya malaika akimpasha habari Bikira Maria. Gino Severini, aliyekuwa katika kundi la wachoraji wa kifuturisti, alizaliwa mjini humo mwaka 1883. Mwanafunzi aliyeshindwa asubuhi na kivuli cha ngazi anaweza mchana kutembea dakika chache na kuona jinsi waliomtangulia walivyolitatua fumbo hilohilo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Wageni hupenda kuita mandhari ya vilima hivyo ya asili. Hayana uasili huo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Matuta ya mizeituni, mistari ya mizabibu, safu za miti ya saipresi kando ya njia na nyumba za mawe zilizotawanyika mashambani ni kazi ya mikono ya watu chini ya mfumo uliodumu karne nyingi, ulioitwa mezzadria. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba. Familia ya mkulima ilitoa nguvu. Mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Familia hizo zilikuwa kubwa, babu hadi wajukuu chini ya paa moja, na kila mwaka nusu ya jasho lao ilikwenda mjini kwa tajiri.

Mandhari haya yalichorwa mapema. Mwaka 1338 na 1339 Ambrogio Lorenzetti alipaka kwenye ukuta wa jengo la serikali la Siena picha kubwa ya mji na mashamba yaliyo chini ya utawala bora, na vilima vyake bado vinatambulika na mtu anayesafiri leo. Bonde la Val d'Orcia lilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, sifa yake mojawapo ilikuwa hiyo: ardhi iliyopangwa na binadamu, kisha ikafundisha wachoraji namna ya kuchora ardhi.

Walioiunda hawapo tena. Katika miaka ya 1950 na 1960 familia za mezzadria ziliondoka kwa maelfu kwenda viwandani, na sheria ya mwaka 1964 ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Hakuna wa kuulilia mfumo huo, lakini kuondoka kwao kuliacha nyumba tupu na paa zilizobomoka. Miji midogo ya Italia ingali inavuja watu. Vijana hushuka kwenda Milano, Roma au nje ya nchi, na shule hufungwa kwa kukosa watoto. Mwaka 2017 bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuziinua manispaa zenye wakazi wasiozidi 5,000. Baadhi ya miji ya Sicilia, ikiwemo Sambuca, Gangi na Mussomeli, imefikia kuuza nyumba zilizotelekezwa kwa bei ya kuanzia euro 1, mnunuzi akiahidi kuzikarabati.

Kwa hiyo tatizo la miji ya vilimani halikuwa kukosa uzuri hata siku moja. Kinachokosekana ni watu wanaokaa. Basi la watalii lina dawa gani kwa ugonjwa huo?

Karatasi, udongo na utomvu

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuvitazame vifaa vya mgeni wa brashi. Rangi za maji ni unga wa rangi uliosagwa laini sana, ukashikamanishwa kwa utomvu wa mgunga. Utomvu huo huyeyuka ukiguswa na brashi yenye maji, na ukikauka huung'ang'anisha unga kwenye karatasi. Sudan ndiyo mzalishaji wake mkubwa duniani, hasa katika eneo la Kordofan, ambako wakulima huchanja magome ya migunga na kusubiri machozi ya utomvu yagande. Vita vikizuka Sudan, viwanda vya rangi na vya soda huko Ulaya hupata wasiwasi. Mwanafunzi anayefungua kisanduku chake Cortona anatumia jasho la mkulima wa Kiafrika, ajue asijue.

Baadhi ya unga wenyewe ulikuwa udongo wa hapohapo. Rangi ya Siena, ya manjano iliyofifia kwenye kahawia, ilichimbwa zamani katika mlima Amiata kusini mwa Toscana. Udongo huo ukichomwa hupoteza maji yaliyofungika ndani yake na kugeuka mwekundu wa kahawia, na hivyo udongo mmoja ukatoa rangi mbili ambazo hazikosekani kwenye kisanduku cha mchoraji yeyote. Cennino Cennini, mwenyeji wa mji wa kilimani wa Colle di Val d'Elsa, aliandika kitabu cha ufundi wa uchoraji mnamo mwaka 1400. Humo anasimulia jinsi baba yake alivyompeleka porini akaona mishipa ya udongo wa rangi ndani ya ardhi iliyomomonyoka. Aliyechora kuta za Toscana kwa rangi ya Siena ya zamani alizipaka kwa ardhi ya jirani yao.

Karatasi nayo ina kwao. Mji wa Fabriano, kati ya milima ya Apennini katika jimbo la Marche, umetengeneza karatasi tangu karne ya 13. Mafundi wake walitumia nyundo zilizosukumwa na nguvu ya maji kupondea matambara, wakabuni alama zinazoonekana karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga, na wakaanza kuipaka karatasi gelatini ya wanyama badala ya wanga. Badiliko hilo la mwisho ndilo linalomhusu mchoraji. Karatasi isiyopakwa hunyonya maji papo hapo na rangi huzama. Iliyopakwa gelatini huyaacha maji yakae juu kwa muda, na katika muda huo kazi yote ya rangi za maji hufanyika. Karatasi inayopendekezwa warshani ni ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa sababu nyepesi hujikunja ikilowa. Fabriano imewahi pia kuwakusanya wachoraji wa rangi za maji wa nchi nyingi katika mkutano uitwao FabrianoInAcquarello.

Rangi hizi zilishikana na safari kwa sababu ni nyepesi na hukauka haraka. Albrecht Dürer, kijana wa Nürnberg, alivuka milima ya Alpi mwaka 1494 na 1495, na miongoni mwa picha za rangi za maji zinazohusishwa na safari hiyo imo ya ngome ya Arco juu ya jabali lake. Katika miaka ya 1780 William Reeves wa London alianza kuuza vibonge vikavu vya rangi vilivyo tayari kulowanishwa, na mchoraji akaacha kusaga unga wake mwenyewe. Waingereza waliofuata, J.M.W. Turner akiwemo katika safari yake ya mwaka 1819, waliifanya Italia shule ya wazi ya uchoraji. Warsha za leo ni wajukuu wa desturi hiyo, tofauti ikiwa kwamba zamani ilikuwa ya mabwana wenye miezi ya kutanga, na sasa ni ya mwalimu mstaafu au muuguzi mwenye likizo ya juma moja.

Juma la warsha

Warsha ya kawaida huchukua siku tano au sita za kazi, na kundi hupungua faida likizidi watu kumi na wachache. Siku ya kwanza huenda kwenye vifaa na kwenye mwanga na kivuli. Wanafunzi huchora kwa rangi moja tu, mara nyingi kahawia, ili wasijifiche nyuma ya urembo wa rangi. Anayeweza kutofautisha kivuli kizito, kivuli chepesi na mwanga amekwisha kuvuka nusu ya mto.

Baada ya hapo ratiba hufuata jua. Saa tatu asubuhi mwalimu huonyesha, akichora huku akieleza. Kisha kila mmoja hutafuta pembe yake. Saa saba mchana maduka mengi hufungwa, mitaa huwa mitupu, na hakuna mwenye akili anayekaa juani. Saa kumi kazi hurejea, mwanga ukiwa umelala na kuta zimepata joto la rangi. Jioni, kabla ya chakula, picha zote hupangwa chini ubavu kwa ubavu na kujadiliwa mbele ya wote. Kipindi hicho huwaogofya wengi, na ndicho kinachofundisha kuliko vyote, maana mtu huona wenzake kumi walivyoutazama ukuta uleule wakatoa kuta kumi tofauti.

Kanuni za ufundi ni chache lakini hazina huruma. Weupe haupakwi, weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa. Kwa hiyo mwanafunzi lazima aamue kabla ya tone la kwanza mwanga utakaa wapi. Rangi nyepesi hutangulia na nzito hufuata, kwa sababu tabaka la juu halifichi la chini. Rangi ikiwekwa kwenye karatasi iliyolowa hutawanyika na kutoa ukungu wa bonde. Ikiwekwa kwenye iliyokauka hutoa ukingo mkali wa paa. Katikati ya hali hizo mbili kuna dakika chache za unyevunyevu ambapo mgeni wa kazi hii huharibu mambo kwa kurudia rudia brashi. Joto la Julai hulikausha tabaka kabla halijasambazwa. Unyevu wa Oktoba hulichelewesha. Maji yakimwagika hayazoleki, na katika sanaa hii kosa la asubuhi huonekana hadi jioni.

Kisha kuna jua, ambalo husogea nyuzi 15 kila saa. Kivuli kilichokuwa kushoto mwa ngazi saa tatu kitakuwa kimehama saa tano. Mwanafunzi hufundishwa kuweka alama za vivuli vyote mwanzoni na kushikamana navyo, hata kama ulimwengu umebadilika mbele yake. Huo ni uamuzi, na uamuzi ndio kiini cha somo zima. Ukuta una madirisha thelathini. Mchoraji atachora matatu tu na kudokeza mengine. Yapi? Kwa nini hayo? Simu hupiga yote thelathini kwa mpigo mmoja na haimuulizi mwenyewe lolote. Ndiyo maana mtu anaweza kurudi kutoka safarini na picha mia nane asiweze kueleza uwanja mkuu ulikuwa na rangi gani. Macho hayana pazia, lakini kuona nako hujifunzwa.

Fedha hupitia mlango gani?

Hoja ya jicho inamhusu mgeni. Mwenyeji ana hoja yake ya mfuko, nayo ni nzito zaidi.

Mgeni wa basi huja amekwisha kulipa, na aliyelipwa ni kampuni iliyo mbali. Mjini huacha bei ya kahawa, ya kadi ya posta, labda ya choo. Huacha pia taka, msongamano, na duka la mboga lililogeuzwa kuwa duka la vikumbusho. Mgeni wa warsha anahitaji kitanda kwa usiku sita au saba, na kwa kila usiku manispaa nyingi humtoza kodi ya kulala inayoingia katika hazina ya mji. Anahitaji mkate asubuhi, chakula cha jioni, dawa ya kichwa, fundi wa kurekebisha miwani iliyovunjika. Kufikia siku ya tatu muuza mkate anamjua kwa sura. Mama anayekodisha vyumba viwili juu ya nyumba yake hupata wapangaji Aprili na Oktoba, miezi ambayo watalii wa ufukweni hawapo. Warsha hupenda miezi hiyo kwa sababu ya mwanga na upole wa hewa, na kwa familia inayoishi kwa vyumba hivyo, wiki mbili za ziada pembezoni mwa msimu zinaweza kuwa ada ya mtoto ya chuo.

Mamlaka za Italia zimeanza kuwatofautisha wageni hao kwa sheria. Venezia ilianza Aprili 2024 kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku za msongamano, na wanaolala mjini wakasamehewa kwa kuwa wamelipa kodi ya kulala. Civita di Bagnoregio, mji mdogo kabisa ulio juu ya jabali linalomomonyoka, na unaofikiwa kwa daraja la waenda kwa miguu pekee, hutoza kiingilio tangu 2013. Civita huingiza wageni wengi sana kila mwaka, ilhali wakazi wake wa kudumu wanahesabika kwa vidole. Fedha ya kiingilio imesaidia, lakini mji wenye wageni wengi na majirani wachache umebaki kuwa mji au umekuwa ukumbi? Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa. Sheria ya mwaka 1985 iliwaruhusu wakulima wa Italia kupokea wageni mashambani mwao kama sehemu ya kilimo, na nyumba nyingi zilizoachwa na watu wa mezzadria zikapata paa jipya. Warsha nyingi za uchoraji hulala katika nyumba hizo. Cortona yenyewe imekaa na Chuo Kikuu cha Georgia cha Marekani kwa zaidi ya miaka 50. Wanafunzi wake wa sanaa huja kwa muhula mzima, hufanya kazi mjini na kuonyesha picha zao kwa wenyeji. Uhusiano wa namna hiyo huzaa wapangaji, mapishi, urafiki, pengine na ndoa. Hauzaliwi katika saa mbili za basi.

Lawama zenye uzito

Lawama dhidi ya warsha zipo, na nyingine zina ukweli. Ya kwanza ni gharama. Ada pamoja na malazi na chakula kwa juma moja mara nyingi hupita euro 1,000 kabla ya tiketi ya ndege. Hakuna maneno yatakayoifanya kuwa safari ya kila mtu. Jibu la haki ni kwamba ubora wa mgeni kwa mji haupimwi kwa utajiri wake bali kwa muda anaokaa, na manispaa inayotaka kupunguza ubaguzi huo inaweza kutenga nafasi za bei ndogo kwa vijana na walimu, wa Italia na wa nje.

Ya pili inachoma zaidi. Mara nyingine mwalimu ni mgeni, wanafunzi ni wageni, nyumba imekodishwa kwa mgeni mwingine, na chakula kinapikwa ndani ya geti. Warsha ya hivyo huzunguka mji bila kuugusa. Hiyo ni basi lililokaa siku saba. Mwandaaji mwenye nia njema hugawa milo kwenye mikahawa ya mji, huajiri mwalimu wa hapo japo kwa siku moja, na hufungua maonyesho ya mwisho kwa wakazi.

Ya tatu ni nyumba. Kila chumba kinachokodishwa kwa wiki ni chumba kisichokodishwa kwa mwaka, na kijana wa Cortona anayetaka kuoa hushindana na fedha za likizo. Warsha haikuanzisha tatizo hilo, lakini ipo ndani yake, na halmashauri isiyoweka mipaka ya vyumba vya muda mfupi itakuja kujikuta na mji wa wachoraji usio na mtu wa kuchorwa.

Ya nne ni kwamba wachoraji huchora mizeituni na machweo tu, wakiusahau ugumu wa maisha. Hapa dawa imo katika historia ya sanaa yenyewe. Mwaka 1911 John Singer Sargent alikwenda kwenye machimbo ya marumaru ya Carrara na kuchora kwa rangi za maji wachimbaji, kamba zao na vumbi lao jeupe. Mwalimu mzuri huwapeleka wanafunzi sokoni asubuhi na kwenye karakana ya magari jioni, si kwenye ukingo wa bonde pekee.

Kwa anayepanga kwenda

Msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anayefikiria safari hiyo anahitaji kwanza viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi viza ikikataliwa. Anatakiwa bima ya safari ya angalau euro 30,000 ya matibabu, uthibitisho wa malazi na wa fedha za kujikimu. Ni busara kutolipa ada ya warsha isiyorudishwa kabla ya viza kutoka, na kuomba barua ya mwaliko yenye tarehe na anwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si lazima ainame mpaka akiba ya familia imwagike.

Maswali ya kumuuliza mwandaaji ni mepesi. Kundi lina watu wangapi? Mwalimu anachora mbele ya wanafunzi au anaongea tu? Karatasi na rangi zimo ndani ya ada? Kuna mahali pa ndani pa kufanyia kazi siku ya mvua? Njia ya kufika mahali pa kuchorea ina ngazi ngapi? Swali hili la mwisho hudharauliwa na wengi, hadi siku wanapobeba kigoda, ubao na maji kupanda mtaa wa Cortona.

Asiyeweza kwenda hajapoteza somo. Karatasi nzito, brashi moja ya mviringo na rangi tatu, ya manjano, nyekundu na buluu, zinatosha kuanza, na kuta zenye mwanga na kivuli haziko Italia tu. Lamu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, imewahi kupokea wachoraji wa Ulaya na wa Kenya katika tamasha lake la wachoraji, wakafanya kazi nje, mitaani na ufukweni. Mji wenye vichochoro vyembamba na wageni wa kutwa unalo la kujifunza kutoka Cortona, kama Cortona inavyopaswa kujifunza kutoka Civita.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo methali inavyoagiza, na uponaji huo una masharti yanayotekelezeka. Halmashauri iwatoze wageni wa kutwa na kuwapunguzia wanaokaa wakijifunza. Mwandaaji wa warsha aeleze waziwazi sehemu gani ya ada inabaki mjini. Mwenye nyumba apangishe kwa wageni bila kuwafukuza majirani. Mwanafunzi naye anunue mkate kwa muoka mikate wa mtaa, amwamkie kwa lugha yake, na mwisho wa juma awaonyeshe watu wa mtaa picha ya mtaa wao. Mji utakaoyasimamia hayo utahitaji mabasi machache, na utakuwa na majirani wengi.